Paka wengi ghalani: kisa cha ini la mfanyabiashara wa Kongowea

Bahasha ya kaki ilishuka Miritini, Mombasa, na treni ya jioni kutoka Nairobi, na kesho yake asubuhi ikawa juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na vioo 12 vya hadubini vilivyozongwa kwa tishu, vipande 4 vya nta vyenye nyama ya ini, na ripoti ya kurasa mbili iliyokunjwa hadi ikakaribia kuchanika. Aliyeileta ni mtoto wa kwanza wa mgonjwa. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Aliikunjua ripoti, akaweka kidole juu ya mstari mmoja tu.

Mstari wenyewe ulisema kwamba ndani ya uvimbe mmetapakaa limfositi nyingi, yaani seli nyeupe za damu za kinga, kwa kiwango cha inflamesheni kali.

"Daktari, inflamesheni si ndiyo maambukizi? Si ndiyo jipu? Basi wale wa mwanzo walisema kweli, na babangu amekatwa ini bure."

Hakuja kuuliza tu. Nyumbani walikuwa wameshakata shauri. Mzee alikuwa ameacha tembe zake za kila usiku kwa siku nne, na shemeji mmoja alikuwa ameanza kutaja habari za wakili.

Nitakieleza kisa tangu mwanzo, nikibadilisha mambo mawili matatu ili majirani wasimtambue mwenyewe. Mzee ana miaka 58, na huuza mahindi, maharagwe na karanga katika soko la Kongowea. Pombe hajaigusa maishani. Maumivu yalimwanzia chini ya mbavu za kulia, maumivu mazito yasiyochoma, kama mtu amekuegemea na hataki kuondoka. Baada ya miezi miwili kanzu zake zikawa zinamning'inia. Zahanati moja ya mtaani ilimpiga altrasaundi, ikaona kitu chenye ukubwa wa chungwa kwenye ini, ikasema ni jipu la amiba na kumpa metronidazoli. Kwa hilo la mara ya kwanza siilaumu. Jipu la amiba ni ugonjwa wa kweli, na kwenye altrasaundi ya haraka jipu na saratani huweza kufanana. Ninachokilaumu ni kurudia dozi ile ile mara ya pili, kisha ya tatu, bila kutoa damu hata tone. Miezi mitatu ikapotea hivyo.

Daktari aliyefuata alitoa damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kilikuwamo, na alfa-fetoprotini, protini ambayo saratani ya ini huimwaga kwenye damu, ilikuwa 1,860, kipimo ambacho kwa mtu mzima asiye na tatizo hakizidi 10. Jipu halipandishi protini hiyo namna hiyo. Picha ya CT ya awamu tatu ikamaliza ubishi: uvimbe wa sentimita 7 upande wa kulia, uliowaka dawa ilipopita kwenye ateri, kisha ukafifia haraka kuliko ini lililouzunguka. Ini hupata karibu robo tatu ya damu yake kutoka kwa mshipa unaotoka utumboni. Saratani ya ini hujichotea yake kwenye ateri, na ndiyo maana huwaka mapema na kuzimika mapema. Kwa mtu aliyeishi na kirusi cha B kwa miaka, picha ya aina hiyo inatosha kuutaja ugonjwa kwa jina bila kumchoma sindano ya kuchukua nyama.

Ini lililobaki lilikuwa na makovu lakini halijafikia sirosi, yaani kukakamaa kwa makovu ini zima, mshipa mkubwa ulikuwa wazi, na mzee mwenyewe alikuwa bado anapanda ngazi bila kutweta. Wagonjwa wa namna hiyo kwetu ni wachache. Wengi hutufikia tumbo limeshajaa maji na macho yamekuwa manjano. Akakatwa Nairobi, akatoka salama, akaanzishiwa tenofoviri ya kukizuia kirusi. Hiyo ndiyo tembe aliyoiacha.

Sasa turudi kwenye kile kidole juu ya ule mstari.

Nilichukua kioo cha nne nikakiweka chini ya hadubini, nikamwita kijana aangalie. Wengi huogopa; yeye aliinama pale pale. Kwa rangi tunazotumia kila siku, hematoksilini na eosini, kiini cha seli huwa zambarau na mwili wake waridi. Upande wa kushoto wa kioo palikuwa na ini la kawaida, au karibu na kawaida: seli zimejipanga mistari myembamba, unene wa seli moja au mbili. Upande wa kulia mistari ilikuwa minene, seli tano, sita, viini vikubwa visivyolingana. Hiyo ndiyo saratani, nilimwambia. Kisha nikamwonyesha vidoa vya buluu iliyoiva, vidogo, vya mviringo, vimemwagika katikati ya ile mistari minene kama ufuta juu ya mkate. Mahali pamoja vilikuwa vimekusanyika vikafanya duara kabisa, kama baraza ya wazee.

"Hivi ndivyo hizo limfositi?"

"Ndivyo. Usaha ungekuwa na seli za aina nyingine, neutrofili, zenye kiini kilichogawanyika vipande vipande. Na jipu la amiba lenyewe halina hata seli nyingi. Ni nyama iliyoyeyuka tu, rangi ya kahawia. Hapa nyama haikuyeyuka. Hapa kuna saratani, na ndani ya saratani kuna askari wa mwili wa babako."

Neno askari nililichagua mwenyewe, na nitaeleza baadaye lilivyonigharimu.

Inflamesheni si maambukizi. Ni mwili kuwaita walinzi wake mahali palipo na tatizo, na tatizo linaweza kuwa bakteria, mwiba, au seli zake mwenyewe zilizoasi. Mwandishi wa ripoti hakukosea hata neno moja. Aliandikia madaktari wenzake, na bahasha ikasomwa na mtu wa duka la dawa pale mtaani, ambaye alijua neno moja tu la mstari ule.

Kuhusu jambo lenyewe, yaani seli za kinga ndani ya saratani ya ini na umri wa kuishi baada ya upasuaji, watafiti wamekuwa wakilichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Wajapani waliripoti kwamba katika uvimbe mdogo wa ini, wale wachache waliokutwa na limfositi nyingi mno ndani yake waliishi zaidi na ugonjwa uliwarudia kwa nadra. Ila kuhesabu tu kukaonekana hakutoshi. Limfositi si kabila moja. Kuna seli T zinazobeba alama ya CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli iliyoharibika. Kuna seli T nyingine, zenye alama ya FOXP3, ambazo kazi yake ni kinyume: kuwatuliza wauaji wasije wakaubomoa mwili wenyewe. Chini ya hadubini, kwa rangi za kawaida, zote ni ufuta ule ule.

Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Shanghai lilichapisha hesabu ya wagonjwa 302 waliokatwa saratani ya ini. Walitofautisha seli kwa rangi za kingamwili, kisha wakatazama mizani: wauaji walio kazini wangapi, watulizaji wangapi. Waliokuwa na wauaji wengi na watulizaji wachache, asilimia 64 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliokuwa na kinyume chake, asilimia 24.1 tu. Wote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja, na kisu kilikuwa kile kile.

Kwa nini ini hasa liwe na watulizaji wengi? Anayeijua bandari ya Kilindini ataelewa upesi. Kila kinachofyonzwa utumboni hupitia kwenye ini kwanza: chakula, dawa, vipande vya bakteria. Ofisa wa forodha akipiga king'ora kwa kila kontena, bandari husimama. Kwa hiyo ini limeumbwa kuwa na subira; makrofaji wake, wale wanaoitwa seli za Kupffer, humeza mengi kimyakimya bila kupigia mtu simu. Subira hiyo hiyo ndiyo saratani huitumia kujificha, na kirusi cha B pia.

Niliomba vipande vya nta vipakwe rangi za CD8 na FOXP3, kazi ambayo ilibidi irudi Nairobi kwa treni ile ile. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: wauaji wengi ndani ya uvimbe, watulizaji wachache ndani, ila wamejazana pembezoni, kwenye ukuta baina ya saratani na ini. Mahali nako kuna maana yake. Vile vikundi vya duara, vikiwa ndani ya uvimbe, watafiti wamevihusisha na kurudi kwa nadra kwa ugonjwa katika miaka ya mwanzo. Lakini mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kwamba vikundi vinavyofanana navyo, vikiwa nje, kwenye ini lenye inflamesheni ya muda mrefu, vinaweza kuwa kiota cha kulelea seli za saratani inayokuja. Ukisoma ripoti isiyotaja ufuta umemwagika wapi, umesoma nusu.

Nikaketi kuandika nyongeza ya ripoti. Hapa ndipo nilipokosea.

Niliandika kwamba uvimbe una seli nyingi za kinga za aina ya CD8 ndani yake, na kwamba hiyo ni dalili nzuri. Kisha, sentensi iliyofuata, nikaandika kwamba kwenye kioo cha tisa kuna mshipa mdogo wenye donge la seli za saratani ndani yake. Kwa daktari wa upasuaji sentensi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza: saratani iliyokwisha kuingia mshipani imeshapata nauli. Kwa familia, sentensi ya kwanza iliwafika, ya pili haikufika kabisa. "Dalili nzuri" ikapelekwa nyumbani ikawa "amepona". Mzee alirudi kwenye tembe, alhamdulillahi, maana nilikuwa nimeisisitiza kwa mdomo. Bila tenofoviri kirusi kinaweza kulipuka na ini lililopunguzwa halina akiba ya kuhimili. Wakili akasahaulika. Alfa-fetoprotini ikashuka hadi 6, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa jibu tosha kwa habari ya jipu kuliko maneno yangu yote. Kusomwa kwa dua kukafanyika, pilau ikapikwa, nami nikaletewa fungu langu.

Mwezi wa 16 baada ya upasuaji altrasaundi ikaona uvimbe mdogo wa sentimita 1.4 upande mwingine wa ini.

Kijana alirudi, na safari hii pia hakuketi. "Si ulisema askari wapo?"

Nilisema. Na walikuwapo. Nilichopaswa kusema tangu siku ya kwanza ni kwamba askari kuwapo ni jambo moja na kupigana ni jambo jingine. Seli T ikikaa mbele ya adui miezi na miaka bila kummaliza huchoka. Hujivisha breki usoni, kubwa yao ikiwa ile iitwayo PD-1, na saratani hujifunza kuikanyaga. Tasuku Honjo wa Japani ndiye aliyeigundua breki hiyo, na mwaka 2018 yeye na Mmarekani James Allison walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kuonyesha kwamba breki za namna hii zikiachiwa, seli huamka. Kwenye ini, mwaka 2020, dawa ya kuachia breki iitwayo atezolizumabu ikichanganywa na bevasizumabu, inayouzuia uvimbe kuota mishipa ya damu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 501 ambao saratani yao haikuweza kukatwa. Baada ya mwaka mmoja asilimia 67.2 ya waliopata mchanganyiko huo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 54.6 ya waliopewa sorafenibu, dawa iliyotangulia.

Wakati nikihangaika kutafuta mfano wa kumweleza, mzee mwenyewe, aliyekuwa kimya kwenye benchi akivuta tasbihi, ndiye aliyeniokoa.

"Mwanangu, mbona jambo lenyewe si gumu. Ghalani kwangu mna paka watano, na panya wazidi kuzaana. Paka wenyewe walala juu ya magunia. Hesabu ya paka si hoja."

Tangu siku hiyo nimeacha askari, natumia paka.

Mwanawe akauliza kama basi tuwaamshe hao paka kwa dawa. Lilikuwa swali la haki, na si bei ya dawa hizo peke yake iliyofanya nimwambie hapana. Uvimbe ulikuwa mdogo, mmoja, mahali panapofikika. Sindano ya kuuchoma kwa joto mara nyingi huumaliza. Dawa za kuachia breki zina madhara yake, kwani paka aliyeamshwa hachagui: huweza kuushambulia utumbo, mapafu, tezi, hata ini lenyewe. Tena bevasizumabu huweza kuleta kutokwa na damu, na kwa hiyo mishipa ya koo la chakula huangaliwa kwanza. Kulikuwa na matumaini kwamba mchanganyiko huo ungezuia ugonjwa kurudi baada ya kisu. Mwaka 2023 matokeo ya kwanza yalileta furaha. Wagonjwa walipofuatiliwa zaidi, faida ile ikafifia. Kwa mzee huyu, kwa wakati ule, kuchoma kulitosha. Kulifanyika Nairobi, akalala usiku mmoja, akarudi.

Je, kama paka wale wasingekuwamo kabisa, ugonjwa ungerudi mwezi wa 6 badala ya wa 16? Kwa mgonjwa mmoja hakuna hadubini inayoweza kujibu hilo. Asilimia za Shanghai ni za kundi. Mtu mmoja huangukia upande mmoja wa mstari au mwingine, na mshipa wa kioo cha tisa ulikuwa ukivutia kwake. Mimi binafsi naamini seli zile zilimsaidia. Imani hiyo siiandiki tena kwenye ripoti. Siku hizi naandika: "Seli za CD8 ni nyingi ndani ya uvimbe, kwa makundi ya wagonjwa hili huendana na kuishi zaidi, halibadilishi ratiba ya ufuatiliaji wa mgonjwa huyu." Na habari ya mshipa huitanguliza juu, mstari wa kwanza.

Kuna jambo nililolitazama mwisho ambalo lilistahili kuwa la kwanza. Mzee aliupata wapi ugonjwa? Kirusi, bila shaka, na yaelekea tangu utotoni. Lakini pia ni mtu ambaye kwa miaka 30 amekula karanga zilizobaki chini ya gunia, zile zilizosinyaa zisizouzika. Ukungu wa aspajila hutoa sumu, aflatoksini. Ndiyo iliyoua watu 125 kati ya 317 walioumwa Ukambani mwaka 2004, tena hao iliwaua haraka. Kidogo kidogo kwa miaka, huharibu jeni za ini. Watu wa Shanghai tena, katika utafiti mwingine, ndio waliotupa hesabu: aflatoksini peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3.4, kirusi cha B peke yake mara 7.3, vyote viwili pamoja mara 59.4. Nilipomtajia mzee, alinyamaza kidogo, kisha akauliza zile karanga awape nani sasa. Nikamwambia asimpe mtu, wala kuku.

Na nyumbani ana mke na watoto watano. Walikuwa wameshaanza kumtengea sahani na kikombe chake, jambo ambalo lilimuuma kuliko kovu la tumbo. Kirusi cha B hakipiti kwenye sinia. Hupita kwenye damu, kwenye unyumba, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Sinia likarudi kuwa moja. Wote wakapimwa. Wadogo wawili, waliozaliwa baada ya Kenya kuingiza chanjo hiyo kwa watoto wachanga mwaka 2001, walikuwa na kinga. Taiwani walianza mapema, mwaka 1984, na huko saratani ya ini kwa watoto ilipungua mbele ya macho ya madaktari. Mama na mabinti wawili wakubwa hawakuwa na kirusi wala kinga. Wakaanza sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza.

Mtoto wa kwanza alikutwa nacho.

Siku hiyo aliketi. Kile kiti alichokikataa mara mbili alikikalia muda mrefu, mikono katikati ya magoti. Halafu akauliza: "Na mimi, paka wangu wako vipi?"

Nikamwambia kwake hakuna kipande cha kuweka chini ya kioo, na tuombe pasiwe nacho kamwe. Kwake tunahesabu kirusi kwenye damu, tunapima vimeng'enya vya ini, tunapiga altrasaundi kila miezi 6 pamoja na ile alfa-fetoprotini. Tembe itategemea majibu. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba kliniki impangie siku moja na babake, ili duka lifungwe mara moja tu.